Maua Asiyoyapanda Mtunzi: Bustani ya Stourhead

Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta hatuyajui majira ya machipuko. Tunayo masika na vuli, kiangazi na kipupwe. Na mti wetu ukipukutisha majani, huyapukutisha kwa kiu, si kwa baridi. Kwa sababu hiyo kijana wa Kenya asomapo katika vitabu vya Waingereza sifa zisizokwisha za mwezi wa Aprili na wa Mei, huzipokea kama mtu apokeavyo salamu za jamaa asiyepata kumwona. Huitikia kwa adabu, lakini moyo wake hausisimki. Nami nilikuwa vivyo hivyo mpaka siku moja ya katikati ya Mei nilipopanda gari moshi kutoka London, nikashuka katika mji mdogo wa Gillingham, nikachukua teksi hadi kijiji cha Stourton katika jimbo la Wiltshire, kuizuru Stourhead, jumba la kale lenye bustani ambayo wajuzi wengi huihesabu miongoni mwa zilizo bora Uingereza. Nilikwenda kutazama maua. Nilirudi na shaka juu ya maua hayo hayo, na shaka hiyo ndiyo nitakayo kuieleza hapa.

Jumba lenyewe sitalisemea mengi. Familia ya Hoare, wenye benki iliyoanzishwa London mwaka 1672, ilinunua ardhi hiyo mwaka 1717, ikaibomoa nyumba ya mabwana wa zamani, na katika miaka ya 1720 ikajenga nyingine kwa ramani ya Colen Campbell, kwa kufuata mtindo wa Palladio wa Italia. Ni nyumba ya mawe, yenye vipimo vilivyolingana, yenye uso mtulivu kama uso wa mtu asiyedaiwa. Mwaka 1902 moto uliiunguza sehemu ya kati, ikajengwa upya. Mbawa mbili za kando zilisalimika, na katika mmojawapo kimo chumba cha vitabu chenye meza na viti vilivyochongwa na Thomas Chippendale mdogo. Chumba hicho kinastahili nusu saa ya mgeni. Lakini jambo la kustaajabisha zaidi ni kwamba ukisimama madirishani mwa jumba huioni ile bustani iliyolipa jina lake. Imefichwa bondeni. Mwenye nyumba hakutaka wageni waitazame wakiwa wameketi na vikombe vya chai mkononi; alitaka waifuate kwa miguu.

Mwenye nyumba huyo alikuwa Henry Hoare wa pili, aliyezaliwa mwaka 1705 akafa mwaka 1785. Mwaka 1743 mkewe alifariki, na katika miaka iliyofuata alianza kuligeuza bonde lile, akisaidiwa na msanifu Henry Flitcroft. Bonde lilikuwa na chemchemi za mto Stour na madimbwi machache. Hoare akajenga ukuta mkubwa wa udongo kuyazuia maji, na katika miaka ya 1750 madimbwi yakawa ziwa moja. Kando ya ziwa akainua mahekalu: la Flora katika miaka ya 1740, la Pantheon mwaka 1753 na 1754, na la Apollo juu ya kilima mwaka 1765. Mwaka 1762 akajenga daraja la mawe lenye matao matano, akalifunika majani juu yake hata likaonekana kana kwamba limeota. Mgeni asiyeambiwa hudhani ziwa lile liliumbwa pamoja na dunia. Huo ndio ufundi wa Stourhead: kazi nyingi iliyofanywa ili kazi isionekane.

Kabla sijaingia bustanini yanipasa kusema neno juu ya fedha. Mwaka 1720 benki ya Hoare ilinunua na kuuza hisa za kampuni iliyoitwa South Sea, ikatoka na faida kubwa, zaidi ya pauni 28,000, wakati maelfu ya watu wengine walipofilisika. Kampuni hiyo ilikuwa na mkataba wa kupeleka watumwa wa Kiafrika katika makoloni ya Wahispania huko Amerika. Sisemi kwamba kila jiwe la Stourhead lilinunuliwa kwa jasho la mtumwa. Benki ilikuwa na wateja wengi na njia nyingi za kupata faida. Lakini Mwafrika apitaye katika bustani ile akijua habari hii haioni kama aionavyo mtu asiyeijua, wala sidhani kwamba imempasa kujisahaulisha. Niliingia nikiwa nayo kichwani, na nilitoka nikiwa nayo.

Sasa tuifuate njia. Hoare aliwaongoza wageni wake kutoka jumbani, akawateremsha chini ya miti mpaka kwenye hekalu la Flora, kisha wakalizunguka ziwa huku ziwa likiwa mkono wa kushoto. Watu wengi siku hizi huingia kwa upande wa kijijini, na mara wanapoingia wanaliona daraja, na maji, na kuba ya Pantheon ng'ambo ya maji, yote kwa mara moja. Hili ni kosa, ingawa ni kosa tamu. Ni sawa na kusomewa ukurasa wa mwisho wa hadithi kabla ya ukurasa wa kwanza. Mimi niliikataa njia fupi, nikapanda hadi jumbani nikaanza palipoanziwa.

Ukiifuata njia ya Hoare, bustani hukupa na kukunyima. Mti mmoja unafunguka, unaliona hekalu ng'ambo. Hatua kumi mbele, hekalu limetoweka, umebaki na sauti ya ndege. Unapofika magharibi ya ziwa njia inainama na kuingia ardhini. Ni pango lililojengwa kwa mawe yasiyochongwa, lenye giza na ubaridi, na humo ndani maji ya chemchemi yanamiminika chini ya sanamu ya binti wa maji aliyelala. Sanamu hiyo ilifanywa kwa madini ya risasi na John Cheere, na katika chumba cha pili yupo mungu wa mto, mzee mwenye ndevu. Macho yakiisha kuzoea giza, unaona tundu katika ukuta, na kupitia tundu hilo unaliona ziwa liking'aa usawa wa uso wako. Nilisimama hapo kitambo kirefu. Mtu aliyenitangulia, mzee wa Kiingereza mwenye fimbo, alivua kofia yake. Sikumwuliza kama ni kwa joto la kutembea au kwa heshima.

Kutoka pangoni unapanda, unapita kibanda cha mlinzi kilichojengwa kwa mtindo wa makanisa ya zamani, na ndipo unapolifikia Pantheon, lililoigwa kutoka hekalu la jina hilo mjini Roma. Ndani yake, katikati ya sanamu nyingine, amesimama Hercules aliyechongwa na Michael Rysbrack: pande la mtu, amechoka baada ya kazi zake, amepumzika. Baada ya giza na maji, mwanga na jiwe. Baada ya binti aliyelala, mwanamume aliyemaliza kazi. Hapana mpangilio katika bustani ile unaonipendeza kuliko huo.

Wataalamu wengine wamesema kwamba njia hii yote ni hadithi: kwamba Hoare alikusudia kumpitisha mgeni katika safari ya Aenea, shujaa wa utenzi wa Virgil, aliyeikimbia Troy na kushuka kuzimu kabla ya kuanzisha kizazi cha Roma. Wanatoa ushahidi wa maneno ya Kilatini yaliyoandikwa juu ya mlango wa hekalu la Flora, ambayo yametoka katika utenzi huo. Fikira hii ni nzuri, na pango huipa nguvu. Hata hivyo siikubali yote. Flora na Hercules hawana kazi kubwa katika safari ya Aenea, na hekalu la Apollo lilijengwa miaka mingi baada ya mengine. Mhakiki akishapata ufunguo mmoja hutaka kufungulia milango yote, na mlango usiofunguka huupiga teke. Mimi naona Hoare alikuwa msomi wa zama zake, aliyewajua washairi wa Roma kama wazee wetu walivyoyajua methali na mafumbo. Akayatia bustanini kwa kuwa yalikuwa ulimini mwake.

Alichokitunga kwa hakika kilikuwa picha. Waungwana wa wakati ule walizipenda picha za Claude Lorrain, mchoraji wa Kifaransa wa karne ya 17, ambazo ndani yake huonekana mahekalu meupe kando ya maji, na miti mizito mbele, na mwanga wa mbali usio na jina. Hoare aliichora picha ya namna hiyo kwa ardhi, na rangi yake ilikuwa kijani. Imehifadhiwa kauli yake kwamba miti ipangwe kwa mafungu makubwa kama vivuli katika picha: kijani cheusi dhidi ya kijani cheupe, na kila fungu zito lipunguzwe uzito kwa kunyunyiziwa kijani chepesi hapa na pale. Alipanda misonobari kwa kivuli, na miti ya kupukutisha majani kwa nuru. Na hapa, msomaji, ndipo nilipoyaelewa majira ya machipuko. Majani machanga ya miti ile, yaliyotoka vichomozi siku chache tu kabla, hayana kijani tunachokijua sisi cha mwembe au mkorosho. Ni membamba hata jua hupita ndani yake, na mti mzima huwaka kama taa yenye kifuniko. Nyuma yake umesimama msonobari mweusi. Hapana ua hata moja, wala hapana haja ya ua.

Lakini maua yapo. Yapo kwa maelfu, na hayo ndiyo yanayoleta mabasi. Ni vichaka vya rododendroni na azalea, vingine virefu kuliko nyumba, vyenye mashada ya zambarau, nyekundu, waridi na manjano. Nakiri kwamba nilipoviona kwanza nilipiga kelele ya furaha kama mtoto. Nilipiga picha nyingi. Nilipofika mwisho wa mzunguko nikakaa juu ya benchi, nikajiuliza nimeona nini. Nikagundua kwamba katika nusu nzima ya safari sikukumbuka hekalu wala kivuli wala maji, ila wekundu tu. Wekundu ulikuwa umeyaita macho yangu kutoka kila kitu kingine, kama mgeni mwenye sauti kubwa katika baraza la watu wapole. Nikainuka nikazunguka mara ya pili, safari hii nikijikataza maua, na bustani niliyoieleza hapo juu ni ile ya mzunguko wa pili.

Hoare hakuyapanda maua hayo. Aliyeanza alikuwa mjukuu wake, Richard Colt Hoare, aliyerithi mwaka 1785. Huyu alikuwa mtu wa elimu, mtafiti wa makaburi ya kale ya Wiltshire, na alimsahihisha babu yake kwa mikono miwili. Kwa mkono mmoja aliondoa. Babu aliwahi kuweka kando ya ziwa hema la Kituruki na vitu vya mtindo wa Kichina. Mjukuu akaviona ni upuuzi, akavifuta, na sidhani kwamba alikosea. Kwa mkono wa pili aliongeza: kuanzia mwaka 1791 alipanda rododendroni ya zambarau. Warithi waliofuata waliendelea, na aliyeongeza zaidi ya wote alikuwa Henry Hoare wa mwisho kuimiliki, aliyejaza kando za ziwa maua makubwa yenye rangi kali. Kwa hiyo bustani tuionayo ni kama utenzi wa kale uliopita katika mikono ya wanakili watatu au wanne, na kila mnakili, kwa mapenzi yake, akatia beti zake. Beti nyingine ni nzuri kwa nafsi yake. Swali ni kama zinaufaa utenzi.

Kuna wasemao kwamba ziondolewe zote, irudi bustani ya mwaka 1785. Wana hoja. Ile rododendroni ya zambarau, iliyoletwa Uingereza kwa ajili ya uzuri wake, imekwisha kutoroka bustanini na kuvamia misitu, ikaua mimea ya chini kwa kivuli chake; ndivyo gugu maji, lililopendwa kwa ua lake, lilivyolivamia ziwa letu la Victoria. Lakini si kila mgeni ni mvamizi. Mijakaranda ya Nairobi asili yake ni Amerika ya Kusini, na ilipandwa na watu ambao hawakutuuliza. Hata hivyo ikichanua mwezi wa Oktoba, na barabara zikawa zambarau juu na chini, ni nani miongoni mwetu atakayeleta shoka?

Tena kuna habari ya yule Henry wa mwisho. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, ambaye angelirithi jumba na bustani. Katika Vita Kuu ya Kwanza kijana huyo alijeruhiwa Palestina, akafa Alexandria mnamo Desemba 1917. (Mwaka huo huo wapagazi wa Afrika ya Mashariki walikuwa wakifa kwa maelfu chini ya mizigo ya vita hiyo hiyo, kwao hapana bustani, ila jina la Kariokor katika mji wa Nairobi.) Baba na mama waliendelea kukaa Stourhead, na baba akaendelea kupanda. Mwaka 1946 alilitoa jumba na bustani kwa National Trust, shirika lililoundwa mwaka 1895 kuhifadhi mahali pa namna hii, na ndiyo maana mtu kama mimi aweza kuingia kwa kulipa kiingilio. Mwaka 1947 yeye na mkewe walikufa siku moja.

Habari hii inamtia mhakiki mashakani. Mtunzi wa kwanza alianza bustani akiwa mjane, na mwanawe pia alikufa kijana, huko Naples. Huzuni yake aliigeuza kuwa kivuli, maji na pango. Mtunzi wa mwisho aligeuza yake kuwa rangi. Ukiyang'oa maua yake unamsahihisha Mwingereza tajiri aliyekosa kipimo. Na pia unamfuta baba aliyepanda bila mrithi. Sioni namna ya kufanya jambo la kwanza bila la pili.

Hata hivyo anayehakiki lazima afikie hukumu, la sivyo akae kimya awaachie wengine. Yangu ni hii. Katika miteremko ya msituni, ambako njia hupita mbali na maji, maua yabaki. Huko hayamzuii mtu kuona chochote, nayo yana haki ya kuwako kama beti za pambizoni. Lakini ukingoni mwa ziwa, katika mstari wa jicho utokao darajani kwenda Pantheon, na kuzunguka mlango wa pango, yaondolewe, kichaka baada ya kichaka, kila kimoja kinapozeeka, pasipo haraka. Mahali hapo sauti ya Hoare wa kwanza ni nyororo mno kushindana na nyekundu. Najua kwamba watu watakaokuja Mei watasikitika, na baadhi yao wamesafiri mbali. Mimi mwenyewe nilisafiri mbali, na nilisikitika nilipokuwa nikiyaandika maneno haya katika daftari yangu.

Nilipata chumba cha kulala kijijini. Baada ya chakula nilitoka, nikasimama kando ya barabara, karibu na ule msalaba mrefu wa mawe ulioletwa kutoka mji wa Bristol katika miaka ya 1760. Ilikuwa saa tatu za usiku na bado kulikuwa na nuru, jambo ambalo Mwafrika wa Ikweta halizoei upesi. Bustani ilikuwa imefungwa. Nilitazama ng'ambo ya maji, na kadiri nuru ilivyopungua nikaona rododendroni nyekundu zikigeuka nyeusi, moja baada ya moja, kabla ya kitu kingine chochote. Kisha zambarau ikazima. Majani machanga yalidumu. Kwa muda wa dakika kumi hivi, au kumi na tano, hapakuwa na kitu bondeni ila kijani cha namna mbili, na maji, na kuba ya kijivu. Kisha na hayo yakaingia gizani, na taa ya nyumba ya wageni ikawashwa nyuma yangu.